Ndago za bondeni: safari ya Tunduma hadi Kamsamba

Katika kitabu cha mihtasari ya kamati ya msikiti wetu, kwenye kikao kilichofanyika majuma machache kabla ya Ramadhani iliyopita, imeandikwa hivi: "Sehemu ya chini ya shamba la wakfu ina majani yasiyo na faida. Yafyekwe, na mahali hapo pajazwe kifusi." Kalamu iliyoandika maneno hayo ndiyo inayoandika makala haya. Tumeona ni haki tuyarejee hadharani, kwa kuwa baada ya hapo tulisafiri hadi Kamsamba kwa jambo jingine kabisa, na tuliyoyaona njiani yalitufanya tuufungue tena ukurasa ule.

Shamba lenyewe ni ekari tatu, nje kidogo ya mji wa Tunduma. Muumini mmoja, Allah amrehemu, aliliacha wakfu kwa ajili ya madrasa. Sehemu ya juu ni kavu na hulimwa mahindi. Sehemu ya chini inaingia katika kibonde chenye chemchemi, na kuizunguka chemchemi hiyo yameota majani marefu ya kijani kibichi ambayo hayakauki hata mwezi wa Oktoba, vumbi la malori linapokuwa limegeuza kila kitu mjini kuwa na rangi moja. Majirani huteka maji hapo alfajiri na jioni. Anayeijua Tunduma hahitaji kuelezwa thamani ya dumu moja la maji. Huu ni mji wa mpakani uliokua haraka kuliko mabomba yake.

Hata hivyo kamati ilikuwa na hoja, na haikuwa hoja ya uchoyo. Walimu wawili wa madrasa walikuwa hawajapata posho zao kwa miezi mitatu. Ilionekana kwamba kibonde kikijazwa kifusi tungeweza kujenga vyumba kumi vya kupangisha wafanyabiashara na madereva, na kodi yake ingetosha walimu na mafuta ya jenereta. Mjumbe mmoja aliongeza kwamba majani yale ni maskani ya mbu na nyoka. Hakuna aliyepinga. Tuliandika, tukasaini, tukaagana.

Safari ya Kamsamba ilikuwa ya kupeleka misahafu na juzuu kwa waumini wa huko bondeni. Tuliondoka wanne katika Noah ya kukodi mara baada ya sala ya Alfajiri, tukazipita foleni za malori yaliyokuwa yakisubiri kuvuka kwenda Nakonde, tukashika barabara kuu kuelekea Vwawa, makao makuu ya mkoa wetu wa Songwe uliozaliwa mwaka 2016 kutoka Mkoa wa Mbeya. Mlowo tuliiacha lami ya barabara kuu na kuchepuka kushoto. Kutoka hapo hadi Kamsamba ni mwendo wa zaidi ya kilomita mia moja, kwanza katikati ya mibuni na mahindi ya Mbozi, kisha mteremko wa kuingia Bonde la Ufa, na mwisho joto la Rukwa linalomfanya mtu wa Tunduma avue sweta lake bila kuambiwa.

Miongoni mwetu alikuwamo mwalimu wa bayolojia wa shule ya sekondari, ambaye pia ni mjumbe wa kamati, na siku ile ya kikao hakuwapo kwa sababu ya mitihani. Tulipofika kwenye kidaraja kimoja kabla ya mteremko, alimwomba dereva asimame. Chini ya kidaraja kulikuwa na bonde jembamba lililojaa majani kama yale ya shamba letu. Alishuka, akakata shina moja, akalileta garini na kumpa kila mmoja wetu alizungushe baina ya kidole gumba na cha shahada.

Ndugu msomaji, jambo hili unaweza kulifanya na watoto wako wikiendi hii, na halina gharama. Shina la nyasi ya kawaida ni la mviringo, lina vifundo, na mara nyingi ndani yake ni tupu, kama muwa mdogo usio na nyama. Shina tulilopewa lilikuwa na pembe tatu. Vidole vinazihisi mara moja. Halina kifundo kutoka chini hadi juu, na ukilipasua utakuta limejaa kitu cheupe, chepesi kama sponji. "Hizi si nyasi," alisema mwalimu. "Hii ni jamii ya ndago."

Jina hilo lilitushangaza. Mkulima yeyote anaijua ndago na anailaani. Ni lile gugu la shambani lenye vitunguu vidogo vyeusi vilivyofungamana ardhini kama tasbihi. Waling'oa leo, keshokutwa limerudi, kwa kuwa ukiacha kitunguu kimoja umeacha ukoo mzima. Wataalamu wa magugu wameitaja ndago hiyo kuwa gugu sumbufu kuliko yote duniani. Waarabu huiita su'd, na matabibu wa kale, akiwamo Ibn Sina, waliihesabu miongoni mwa dawa. Kumbe gugu hilo ni ndugu mmoja tu katika ukoo wenye aina zaidi ya 5,000, na wengi wa ndugu zake hawaishi mashambani bali kwenye tope, kando ya mito, chemchemi na maziwa. Mafunjo, yale marefu yenye kichwa kama ufagio uliofumuka, yanayofikia mita nne au tano, ni wa ukoo huo huo. Tulikuwa tumemhukumu mtu kwa sifa mbaya ya binamu yake.

Mwalimu alitueleza kazi ya lile sponji jeupe. Tope la kinamasi halina hewa, na mzizi wa mhindi ukikaa humo siku chache hufa kwa kukosa pumzi. Ndago za majini zimejaaliwa vinjia vya hewa ndani ya shina, vinavyoshusha hewa kutoka juu ya maji hadi kwenye mizizi. Ndiyo maana zinaweza kusimama mahali ambapo mimea mingine haiwezi. Zikishasimama, mizizi yake hufumana ardhini kama mkeka, na mkeka huo hushika udongo. Maji ya mvua yanapoteremka kwa kasi kutoka mashambani hukuta mashina maelfu kwa maelfu yaliyobanana. Yanapunguza mwendo, na yakipunguza mwendo huangusha udongo yaliyoubeba, pamoja na sehemu ya samadi na mbolea. Yanayotokea upande wa pili ni maji mengine.

Kuna jambo la tatu ambalo halionekani kwa macho. Majani ya ndago yanapokufa huanguka ndani ya tope, na kwa kuwa hakuna hewa hayaozi upesi. Mwaka hadi mwaka yanarundikana, yanakuwa mboji nyeusi, laini, inayofyonza maji ya masika kama kitambaa na kuyaachia kidogo kidogo kiangazi. Ukichimba mfereji kuyatoa maji, hewa huingia, mboji huanza kuoza na kusinyaa, ikikauka sana hushika hata moto, na kile kitambaa hakipo tena. Chemchemi yetu ya wakfu kutiririka mwezi wa Oktoba si muujiza usio na sababu. Allah ameijaalia sababu, na sababu hiyo ndiyo tuliyoiandikia kifusi.

Hatukusema neno kwa muda. Kisha dereva, ambaye hakuwa mjumbe wa kamati, akauliza kama tumemaliza kusoma jani.

Kabla ya kuteremka bondeni inafaa kusema neno juu ya mahali tunapoishi, kwa sababu wengi tumezaliwa hapa bila kulitafakari. Tunduma iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, karibu na mgongo wa ardhi unaogawa maji. Mvua inayonyesha upande wa Nakonde hushuka kusini hadi Mto Chambeshi, huingia katika vinamasi vikubwa vya Bangweulu, ambako mafunjo yametanda hadi upeo wa macho, kisha hufuata Luapula na Kongo hadi Bahari ya Atlantiki. Maji ya Mto Songwe unaopita mpakani na Malawi huingia Ziwa Nyasa, hushika Shire na Zambezi, na kuishia Bahari ya Hindi. Ama maji ya Mto Momba na ya mabonde mengi ya Mbozi, hayo huteremka Ziwa Rukwa. Na Rukwa haina mto hata mmoja unaotoka. Maji hutoka kwa njia ya jua peke yake. Udongo, mbolea na chochote kingine kilichoingia hubaki humo.

Jambo hilo tulilifahamu vizuri zaidi tuliposimama juu ya daraja la Momba, linalounganisha Kamsamba na Kilyamatundu ya Mkoa wa Rukwa. Mto ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Ulikuwa mwezi wa Mei, mvua zimekwisha, lakini mto bado ulikuwa unabeba mashamba ya watu. Mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza nyavu chini ya mti alitupokea kwa hisani. Tulimwamkia, akaitikia, akatukaribisha kwenye gogo. Tulipomuuliza kuhusu samaki alicheka kidogo.

"Wanangu, samaki hazai kwenye maji matupu," alisema. "Kambale akisikia mvua ya kwanza anatoka mtoni, anaingia kwenye majani yaliyofurika. Huko ndiko anakoacha watoto. Mkikata majani mkalima mpaka ukingoni, mnataka kambale azae wapi? Barabarani?"

Hakuwa amesoma bayolojia, na mwalimu wetu hakuwa na la kuongeza. Rukwa ina perege wake, asiyepatikana kwa asili mahali pengine popote duniani, ambaye wanasayansi wamempa jina la ziwa lenyewe. Vifaranga wa samaki hujificha na kula katikati ya mashina yaliyozama, ambako ndege mkubwa hafiki kwa urahisi. Korongo wenye taji la dhahabu nao hujenga viota vyao katikati ya mimea ya vinamasi, wakiikunja mashina na kuyalaza kuwa jukwaa. Korongo hao wamo katika orodha ya ndege walio hatarini kutoweka, na sababu moja kubwa ni kukaushwa kwa vinamasi wanakozalia.

Tusije tukadhaniwa tumerudi na sifa tupu. Nyanda za Rukwa zina historia ambayo wazee wa ukanda huu waliisimulia kwa hofu. Ni miongoni mwa maeneo machache ya Afrika ambako nzige wekundu huzaliana, katika tambarare za nyasi na ndago zinazofurika masika na kukauka kiangazi. Kati ya mwaka 1930 na 1944 makundi yao yalienea sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Ikweta, na mwaka 1949 taasisi ya kimataifa ya kuwadhibiti ilianzishwa na kuweka makao Abercorn, mji ambao leo ni Mbala nchini Zambia, si mbali na sisi. Mmoja wa watumishi wake, Desmond Vesey-FitzGerald, alizunguka mabonde haya akiorodhesha mimea, na mwaka 1955 ilichapishwa kazi yake juu ya uoto wa maeneo ya nzige ya Tanganyika na Rhodesia ya Kaskazini. Kinachotupendeza katika kazi ya namna hiyo ni kwamba mtu alikwenda kumtafuta adui akaishia kuandika daftari la majani. Mwaka 2009 nzige hao walipoongezeka tena Rukwa, Malagarasi na Katavi, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilisaidia kunyunyizia dawa iliyotengenezwa kwa kuvu inayowaua nzige, badala ya sumu kali za zamani. Tambarare zilibaki, nzige wakapungua.

Ziwa lenyewe halina tabia moja. Mwaka 1929 lilipimwa likawa na urefu wa kilomita 48 hivi. Mwaka 1939, miaka kumi tu baadaye, lilikuwa limefikia kilomita 128 hivi. Ziwa likirudi nyuma huacha tambarare tupu yenye magadi, na miongoni mwa mimea inayotangulia kwenye ardhi ya namna hiyo Afrika Mashariki ni ndago fupi zinazostahimili magadi. Mtu anayelima ukingoni leo anapaswa kujua kwamba ukingo huo haukuahidi kukaa alipoukuta.

Tuliswali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya katika msikiti mdogo wa mabati, juu ya mkeka ambao harufu yake ilitukumbusha ujana wetu, kabla mazulia ya plastiki hayajafika. Baada ya sala, bibi mmoja aliyeleta chai alitueleza kwamba umesukwa kwa majani ya mtoni na kwamba yeye na wenzake hukata mara moja tu kwa mwaka, tena hukata juu ya maji, hawang'oi. Tulimuuliza kwa nini hawang'oi. Alitutazama kama mtu anayetazama watoto. "Nikiyang'oa, mwakani nitasuka nini, wanangu?"

Wakati wa kurudi usingizi haukutujia, tukazungumza juu ya Ihefu. Wengi wa wasomaji wetu wanaosafiri kwa basi kati ya Dar es Salaam na Tunduma huipita bila kujua, pale Mbarali, baada ya Igawa na Chimala, tambarare inapofunguka upande wa kaskazini. Huko ndani kipo kinamasi kikubwa kinachoulisha Mto Ruaha Mkuu. Mto huo, ambao wazee waliujua ukitiririka mwaka mzima, ulianza kukatika kiangazi mwaka 1993, na ukaendelea kukatika miaka iliyofuata. Maji ya juu yalichukuliwa na mashamba ya mpunga, mifugo iliongezeka, kinamasi kikapungua. Viboko walibanana kwenye madimbwi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, na mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu yapo kwenye mkondo huo huo wa maji. Serikali ilipoamua kuwaondoa wafugaji mwaka 2006 na 2007, kaya nyingi zilihama na ng'ombe wao umbali mrefu, na machungu yake hayajasahaulika. Hilo nalo ni la kuzingatia. Kinamasi kikiachwa mpaka kiwe karibu kufa, gharama ya kukirudisha huwaangukia watu ambao mara nyingi si wao peke yao waliokiharibu.

Mjumbe aliyezungumzia mbu hakuwa nasi safarini, lakini tulimbebea jibu. Huko Kabale, kusini magharibi mwa Uganda, nyanda za juu zenye baridi kama zetu, watafiti walilinganisha vijiji vilivyo kando ya mabonde yenye mafunjo na vile vilivyo kando ya mabonde yaliyokaushwa na kulimwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2000 yalionesha kwamba penye mabonde yaliyolimwa joto lilikuwa juu zaidi, na joto hilo lilikwenda sambamba na wingi wa mbu wa malaria majumbani. Mbu huyo hupenda dimbwi la wazi lenye jua, kama lile linalobaki kwenye unyayo wa ng'ombe au kwenye mfereji. Kivuli kizito cha mafunjo hakimfai sana. Kuhusu nyoka, jibu letu ni kwamba wapo. Atakaye maji na aende na fimbo.

Nyumbani tulifungua vitabu. Waliotutangulia katika elimu hawakuliacha suala hili. Mafakihi wana mlango mzima juu ya harim, yaani eneo linaloachwa wazi kuzunguka kisima, chemchemi au mto, ambalo mtu haruhusiwi kulihodhi wala kuchimba humo jambo litakalodhuru maji. Wamehitilafiana katika kipimo. Wahanafi wametaja dhiraa 40 kwa kisima cha kunyweshea wanyama, na wakafika dhiraa 500 kwa chemchemi. Katika madhehebu yetu ya Shafi'i hakikuwekwa kipimo kimoja, bali hutazamwa haja ya maji yenyewe na desturi ya mahali. Dhiraa ni urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Dhiraa 500 ni zaidi ya mita 230. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, maziwa na mabwawa. Tulikuwa tunavunja sheria ya nchi, na tulikuwa tumeusahau mlango wa fiqhi tulioufanyia mtihani chuoni. Alama tulizopata katika mtihani huo tunaomba tusiulizwe.

Kuna jingine, dogo, lakini kwa katibu ni kubwa. Neno letu karatasi tumelipata kwa Waarabu, ambao kwao ni qirtas, neno linalopatikana katika Surat Al-An'am. Nao Waarabu lilifika kwao likitokana na jina la Kiyunani la karatasi ya mafunjo, ile iliyotengenezwa Misri kwa kupasua shina la pembe tatu kuwa vipande vyembamba, kuvipanga kwa kukingamana, na kuvigonga hadi vishikane. Dola ya Kiislamu ya karne ya kwanza iliendesha ofisi zake juu ya mafunjo. Miongoni mwa hati za Kiarabu zenye tarehe, kongwe kabisa inayojulikana ni ya Jumada al-Ula mwaka 22 Hijria, sawa na mwaka 643 Miladia, zama za khalifa Umar, Allah amridhie. Imehifadhiwa Vienna nchini Austria, imeandikwa kwa Kiyunani na Kiarabu, na si shairi wala tangazo la vita. Ni stakabadhi ya kondoo 65 waliochukuliwa kulisha askari, ili wenye kondoo wasidhulumiwe hesabu. Katibu mwenzetu, miaka zaidi ya 1,300 iliyopita, aliandika haki ya wanakijiji juu ya jani la ukoo ule ule ambao sisi tuliuandika kuwa hauna faida.

Kikao cha pili kilikuwa kirefu. Mwalimu alileta mashina mawili, la nyasi na la ndago, yakazunguka mkononi mwa kila mjumbe. Mhazini aliuliza swali ambalo hatukuweza kulikwepa: walimu wa madrasa watakula ndago? Ni swali la haki. Ukiondoa kibonde na ukaacha nafasi kuzunguka chemchemi, vyumba kumi vinakuwa vinne, kule juu karibu na barabara, na kodi ya vyumba vinne haitoshi. Mmoja alipendekeza tuuze maji ya chemchemi kwa madumu. Mzee wetu, ambaye ndiye mkubwa kuliko sote kwenye kamati, alikataa papo hapo na kusema kwamba aliyeacha wakfu alikuwa akiwaacha majirani wateke bure, na kwamba yeye hatasaini. Mwishowe tulikubaliana vyumba vinne vijengwe, posho ya walimu ijaziwe kwa mchango wa kila Ijumaa kwa mwaka mmoja, na akina mama wa msikiti waruhusiwe kukata majani ya kusukia mara moja kwa mwaka, juu ya maji, bila kung'oa. Mhazini alisaini mwisho, na aliandika pembeni kwamba mchango wa Ijumaa mbili za kwanza haukufikia nusu ya kinachohitajika. Hilo nalo limo katika muhtasari.

Alhamisi iliyofuata tulikwenda shambani kuweka mipaka. Mwalimu alikuwa na futi kamba. Mzee aliikataa, akakata kijiti chenye urefu wa mkono wake, akaanza kupima kuanzia kwenye jicho la chemchemi, akikilaza na kukiinua, huku watoto wa madrasa wakihesabu kwa sauti. Kwenye dhiraa 128 mwalimu akasema mita 60 zimetimia, tukachomeka kigingi cha kwanza. Mzee hakusimama. Aliendelea kupanda polepole, watoto wakiendelea kuhesabu, hadi dhiraa 211, alipofika kwenye seng'enge ya shamba la jirani.

Aliuliza mwenyewe yuko wapi. Akaambiwa amevuka kwenda Nakonde kibiashara na atarudi Jumamosi. Mzee akakisimamisha kijiti chake kwenye nguzo ya seng'enge, akapangusa jasho, akawaambia watoto waikumbuke ile namba, na kwamba Jumamosi baada ya Alasiri wataanzia hapo.